Mjengee Rafiki Yako Saa Moja, Si Meli Nzima

Mdogo wangu wa Kigoma. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu chai ilipoa mbele yangu bila kuigusa. Pole sana. Pole kwa msiba, na pole kwa maneno ya wifi.

Niwaeleze kwanza wenzangu wanaosoma. Mdogo wetu huyu alikuwa na mwenzake wa utotoni. Walianza biashara pamoja kabla hata ya kuolewa: kushuka vijiji vya kusini mwa Ziwa Tanganyika, kununua dagaa na migebuka mikavu, kupakia kwenye MV Liemba na kurudi nayo sokoni Kigoma. Mwenzake amefariki mwaka jana. Sasa anataka kumtengenezea meli ile kwa udogo, kila kitu kwa kipimo chake, na mwenzake akiwemo humo. Amekusanya maboksi na gundi. Mume anatazama tu, hasemi. Wifi anasema mtu mzima gani anacheza na makaratasi. Na yeye mwenyewe amekwama, kila akikata boksi anaona halifanani. Anauliza, "Dada, niendelee au niache?"

Endelea.

Wifi nitamjibu kwa machache. Sisi wote tumeona mtoto akikunja waya akapata lori, magurudumu ameyakata kwenye ndala zilizokwisha, na usukani mrefu wa kuendeshea akiwa amesimama. Mtoto yule hakutengeneza lori lolote tu. Ametengeneza lile linalopita kijijini kwao, lenye keria na tenga la kuku nyuma. Amelitazama mpaka amelijua. Na kule Lamu, mafundi wanaojua kuunda majahazi ya kweli huunda pia madogo, na jumba la makumbusho la pale limeyahifadhi. Kazi hii tunayo, na wakubwa wanaifanya. Mwambie wifi akushikie rula.

Sasa tuje kwenye kilichokukwamisha. Mdogo wangu, umekwama kwa sababu unataka kujenga meli nzima.

Naelewa kwa nini. Ile meli si ya kawaida. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafungwa kwa bolti, ikafunguliwa tena kipande kwa kipande na kutiwa kwenye makasha yapatayo 5,000. Makasha yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli ya kati hadi Kigoma, na huko ndiko ilikounganishwa na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito zisile kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe. Mtu aliyesafiri na meli ya namna hiyo nusu ya ujana wake, lazima atatamani kuijenga yote kuanzia omo hadi tezi.

Ila piga hesabu pamoja nami. Liemba ina urefu wa mita 71 na ushee. Ukiipunguza mara mia moja unapata sentimita 71, inakaa vizuri juu ya kabati. Lakini kwa kipimo hicho mwenzako, tuseme alikuwa na sentimita 160, atakuwa na sentimita moja na nukta sita. Punje ya haragwe. Gunia lake la dagaa litakuwa kama tembe ya dawa. Utakuwa umejenga chuma cha Wajerumani kwa ustadi mkubwa, na yeye haonekani.

Geuza basi. Mkuze yeye. Chukua kipimo cha moja kwa ishirini na nne, maana yake kila kitu cha kweli unakigawanya kwa 24. Yeye anakuwa sentimita 6 na nukta 7, urefu wa kidole cha shahada. Gunia la sentimita 96 linakuwa 4 kamili. Kanga yake ya mita moja na nusu inakuwa sentimita sita na robo. Hapo mkono wako unaweza kufanya kazi na jicho la mtu likamwona. Lakini kwa kipimo hicho Liemba nzima ni karibu mita tatu, haipiti hata mlangoni. Kwa hiyo unachukua ubavu wake tu, mita kumi za ubavu, sawa na sentimita 42 za boksi. Ubavu wenye mlango ule wa kupakilia.

Nimeuchagua mlango ule kwa sababu wewe mwenyewe umeuandika. Katika kurasa nne za barua yako, meli umeisifia kurasa mbili, lakini mwandiko wako umebadilika mahali pamoja tu, pale ulipoandika habari za Kirando usiku. Umesema meli ilisimama nje kwa sababu gati hakuna, ikapiga honi, na kabla honi haijaisha boti za mbao zilikuwa zimeshaizingira, watu wanapiga kelele, mtoto anapitishwa mkono kwa mkono juu ya maji, kuku, mikeka, mananasi. Na mwenzako amesimama mlangoni mguu mmoja ndani, mmoja kwenye ukingo wa boti, anavuta magunia yenu, na wewe nyuma yake unahesabu kwa sauti. Ukakosea hesabu. Akageuka akasema, "Rudia kuanzia saba."

Jenga hiyo. Jenga saa ile moja ya usiku wa Kirando, na kati ya kelele zote pawe na gunia la saba.

Ukishaamua hivyo, vifaa havisumbui tena. Niseme ninavyojua.

Ubavu wa meli ukate kwa boksi gumu, lakini juu yake bandika karatasi nyembamba ya manila. Liemba ni meli ya ribiti, sahani za chuma zimeshonwa kwa misumari ya vichwa vya mviringo, safu kwa safu, na mtu yeyote aliyewahi kuegemea ubavu wake anazikumbuka mgongoni. Kabla hujaibandika ile manila, ilaze kifudifudi juu ya gazeti lililokunjwa, chukua kalamu iliyokwisha wino, chora mstari mwepesi kwa penseli, kisha bonyeza, nukta, nukta, nukta, kila baada ya milimita tatu au nne. Usitoboe, bonyeza tu. Ukigeuza upande wa pili utaona vichwa vimejitokeza. Nilipofanya hivi mara ya kwanza nilitumia jioni nzima kwa kipande cha ukubwa wa kiganja, nikazima redio, na sikumbuki jioni nyingine mwaka ule ambayo kichwa changu kilitulia vile.

Rangi itafute kwenye picha ya miaka mliyosafiri ninyi, kwa maana meli hupakwa upya. Ikikauka, kutu. Saga kipande cha tofali jekundu upate unga laini, chovya brashi kavu, na ishushe kuanzia kwenye ribiti na kwenye kingo za mlango kwenda chini. Kutu husafiri na maji, daima inashuka. Nimeona watu wanaipakaza kama poda ya uso, na kazi nzuri inaharibika hapo hapo.

Magunia shona kwa kitambaa cha mfuko wa zamani uliolainika, jaza mchanga mkavu ili yalale kwa uzito kama gunia linavyolala. Ukijaza pamba yatasimama kama mito ya kochi. Dagaa wa sentimita saba kwa kipimo chako ni milimita tatu: kata karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara kwa mkasi wa kucha, vipande vyembamba vilivyochongoka, mwaga vichache tu pale gunia moja lilipochanika. Kuna gunia ambalo halichaniki?

Kanga usikate kwenye kanga. Najua utatamani kukata ile yake mwenyewe, na nakuomba uiache nzima kabatini. Kitambaa halisi ni kizito mno kwa mtu wa sentimita saba, kitasimama kama bati. Chukua karatasi laini ya kufutia mikono, tenganisha tabaka zake, chukua moja, ichovye kwenye gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji, ikunje ikiwa mbichi, iache ikauke. Ndipo uipake rangi: pindo kwanza, halafu mji. Jina la kanga kwa kipimo hiki halisomeki, lakini liandike vilevile. Liandike kwa sindano na wino, liwe mstari tu wa vijinukta. Wewe utajua limesema nini.

Maji ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ziwa usiku si buluu. Paka ubao wako kijani kilichokolea sana, kinachokaribia weusi, na pale taa ya mlango inapoangukia uweke kahawia yenye manjano kidogo. Ubao huo uwe umeutandika karatasi laini iliyokunjwakunjwa na gundi, ili kuwe na viwimbi vidogo, si mawimbi, maana meli imesimama na boti zimebanana. Ikikauka, vanishi ya kung'aa, tabaka nyembamba tano au sita, kila moja ikauke kabisa. Usimwage nene ukitaka kumaliza upesi. Vitu hivi vikimwagwa vinene vinaweza kuwa na ukungu au kupasuka, na hakuna dawa isipokuwa kuanza upya.

Ubavu wa meli usiuweke nyuma kama ukuta wa duka. Uweke upande wa kulia, uanze mbele na kukimbilia nyuma, ili mtazamaji awe kama yuko botini na ziwa limefunguka kushoto kwake. Na kule mwisho simamisha karatasi ngumu nyeusi. Umeniandikia kwamba mlikuwa mkiona taa za wavuvi wa dagaa mbali kabisa, "kama mji ambao hauko." Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, wanavutwa kwa taa. Toboa matundu kwa sindano nyembamba kwenye ile karatasi, uweke taa nyuma yake. Matundu yote yakae karibu mstari mmoja, pale maji yanapokutana na mbingu. Ukiyatawanya juu utakuwa umetengeneza nyota, na usiku wenu ule ulikuwa wa wavuvi. Taa unazipata kwenye zile nyuzi za mapambo ya harusi, betri mbili ndogo zinatosha. Kasha la betri liache nje, nyuma, ili siku zikiisha usilazimike kubomoa ziwa.

Gundi ya unga usitumie popote. Mende na panya watakula kazi yako ndani ya masika mawili.

Sasa yeye mwenyewe. Hapa nitakwenda taratibu.

Umeniuliza utamchongaje uso. Mdogo wangu, kichwa chake kwa kipimo hiki kitakuwa pungufu ya sentimita moja, ukimchora macho atakuwa mwanasesere, na si yeye. Huyu ulimjua kwa mgongo. Ulikuwa nyuma yake unahesabu. Kunja waya wa shaba uliouchuna kwenye kipande cha waya wa umeme, miguu nusu ya urefu wake, halafu usiendelee mpaka ule mkunjo wa waya peke yake, bila nguo, bila rangi, ukufanye useme, "Huyu ni yeye." Bega lipi lilitangulia alipovuta? Alikunja goti lipi? Kunja, kunjua, kunja tena. Waya hauchoki upesi. Mwili utajazia kwa unga wa mbao uliokandwa na gundi.

Lakini kabla ya hapo, nenda kwao ukaulize. Umesema ndugu zake ni watu wa Ujiji, watu wa dini, na wapo Waislamu wengi wasiopenda kutengenezwa sanamu ya mtu, achilia mbali ya marehemu. Usimalize kazi ukaipeleka kama zawadi ikawa fitina. Kaa na mama yake, mweleze unachotaka kufanya. Akisema hapana, hujapoteza kitu. Utaweka mlango, magunia sita yaliyokwishaingia ndani, la saba limelala nusu ndani nusu nje, ndala zake ukingoni, kanga imetundikwa kwenye bawaba. Mtu anaweza kukaa mahali bila kuchongwa. Hilo nalijua kwa macho yangu.

Mimi nilikuwa na rafiki, fundi cherehani, Tanga. Tulikuwa jirani tangu tukiwa na meno ya maziwa. Alishonea watu barazani kwake miaka kumi na tisa, na alipofariki ile baraza ikapangishwa kwa mtu wa vocha ndani ya mwezi mmoja. Nilikuwa napita pale naona rangi mpya ukutani, nikawa nazunguka njia nyingine. Nikaamua kuijenga. Moja kwa kumi na mbili: meza ya cherehani yenye sentimita 76 kwenda juu ikawa sita na kidogo. Ukuta niliupaka chokaa nikaukwaruza pale mgongo wa kiti ulipokuwa ukigusa. Gurudumu la cherehani nililipata kwenye saa mbovu. Mkasi niliukata kwenye kopo la maziwa, vipande viwili, nikavishikisha kwa kichwa cha pini ili ufunguke na kufunga. Sentimita mbili tu. Nilijivunia mkasi ule kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza kwa mikono yangu. Mtu sikuweka. Kwao hawakutaka, nikaheshimu.

Nikampelekea mama yake. Alikaa mbele yake muda mrefu sana, hasemi kitu, na mimi nimesimama kama mwanafunzi. Kisha akanyoosha mkono, akaushika ule mkasi kwa vidole viwili, akautoa kulia kwa cherehani na kuuweka kushoto.

Mwanawe alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Miaka yote ile. Nilikuwa nimekaa mbele yake barazani mara ngapi, kushoto kwake kukiwa kulia kwangu, na nilipojenga nikauweka upande niliouona mimi. Nilimjua kutoka kwenye kiti cha mteja. Halafu mama akauliza, "Na kigoda?" Kigoda kipi? Kumbe chini ya meza kulikuwa na kigoda kifupi cha watoto, kwa sababu akina mama waliokuja kupimwa walikuja na watoto, na yeye hakutaka mtoto akae chini sakafuni. Sikuwahi kukiona. Sikuwa na mtoto.

Ndiyo maana nakuambia usijifungie nyumbani na boksi lako. Wewe unaijua saa ile kutoka nyuma yake. Nenda kamtafute aliyekuwa botini akimrushia magunia, kama bado yupo Kirando. Muulize yeye aliona nini akiangalia juu. Waulize makuli wa bandarini Kigoma, mmoja wao atakuwa anamkumbuka, muulize alikuwa akifunga mdomo wa gunia kwa kamba gani, fundo gani. Muulize mama yake alikuwa akirudi nyumbani na nini kwanza mkononi. Nenda na daftari na rula. Watu wanaoogopa kumtaja marehemu, kwa kuhofia watakutonesha, ukiwauliza gunia lilikuwa na urefu gani watakuonyesha kwa mkono mpaka kiunoni, na wakishaonyesha wataendelea kusema wenyewe. Mimi katika ile kazi ya Tanga nilisikia habari za rafiki yangu ambazo katika matanga hakuna aliyezitaja.

Umeuliza pia kama uharakishe ili iwe tayari kwa dua ya mwaka. Usiharakishe. Dua itasomwa hata kama vanishi haijakauka.

Na mumeo anayetazama bila kusema, mpe kazi ya kutoboa zile taa za wavuvi. Mpe sindano, mwonyeshe mstari, uondoke chumbani. Nahisi naye alimpenda huyo shemeji yake na pendo hilo hajui aliweke wapi.

Ukimaliza, fundi wa vioo vya madirisha atakukatia kasha la kukinga vumbi kwa bei ya kawaida, mpelekee vipimo kamili. Ila kioo kiwe cha kunyanyuka, na vitu viwili vitatu usivigundishe. Lile gunia la saba, kwa mfano. Ndala.

Ule mkasi wangu sikuugundisha tena. Kila niendapo Tanga namsalimu mama, tunakunywa chai, halafu nainama kutazama. Mara ya mwisho niliukuta umefunguliwa, upande wa kushoto, na chini yake kimewekwa kipande cha kitenge cha buluu, kidogo kama ukucha, ambacho sikukiweka mimi.